Usiukate Mtambaazi wa Mama

Menno,

Nimekwenda kanisani kushona mablanketi ya wakimbizi. Supu ya kabichi iko jikoni, ipashe polepole. ~~Mkasi wa bustani nimeuficha.~~ Mkasi uko palepale ulipouacha. Nakuamini.

Ila nakusihi, usiukate ule mmea mtambaazi wa maua aliouotesha mama yako ukutani. Asubuhi ulinicheka: "Tina, hizo ni kuni! Darasa lako la bustani la jioni linafundisha kufufua wafu?" Nami nikakujibu, "Haya kata, umzike mama yako mara ya pili!" Nisamehe. Hata miezi mitatu haijapita tangu tumzike, sikupaswa kusema vile.

Ulipoondoka na trekta nilikwaruza kijiti kimoja kwa ukucha, kama mwalimu alivyotuonyesha. Menno, ndani ni kijani! Baridi ya arobaini chini ya sifuri, miezi mitano ndani ya theluji tuliyoirundika, na bado ni kibichi. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye tope. Nilisema tu, "Ee Bwana."

Najua vichaka vya rasiberi tunavifyeka kila theluji inapoyeyuka na vinachipua upya toka chini. Huu sivyo. Unachanua juu ya vijiti vya mwaka jana, hivi hivi unavyoviona vimekauka. Ukivikata, mwaka huu hatutaona hata ua moja la mama.

Nenda ukakwaruze mwenyewe, kijiti kimoja, taratibu. Ukishaona, usinitafutie maneno. Vua kofia tu.

Mkeo