Mume Aliyejitwika Nusu ya Mimba

Atonsu, Kumasi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mdogo wangu Yaw Nkansah,

Pokea salamu zilizojaa mpaka kwenye turubai, kama viazi vikuu vya lori langu. Natumaini u mzima na wenzako wa bwenini hawajakumalizia ile sosi nyeusi ya pilipili aliyokupikia Mama. Sisi huku hatujambo. Mama naye yuko vizuri, goti lake tu humsumbua mvua ikikaribia. Mimi ni kaka yako yuleyule, dereva anayepigiwa saluti kwenye vizuizi vyote kutoka Techiman mpaka hapa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, na unanijua, shule niliiachia njiani, kwa hiyo mara tatu ni kazi ya siku nzima. Unasema umeanza kukojoa moto, na kwa hiyo umejua kwamba Afia, yule fundi cherehani wako wa hapo mjini, ana mimba yako, maana ishara imekushukia kama ilivyonishukia mimi. Unasema utaacha shule, wiki tatu kabla ya mtihani, ukapeleke vinywaji kwao kubisha hodi ya uchumba, kama desturi inavyotaka. Yaw, usifunge sanduku. Jibu limo humu, ila mimi siwezi kulifikia moja kwa moja. Barabara yake ina mashimo.

Nianze na shemeji yako. Pinamang ana miezi saba, tumbo limetangulia kama boneti ya lori la zamani, na mtoto anapiga mateke ya mchezaji wa ligi kuu. Baada ya miaka minne ya kuulizwa na mama mkwe kama lori langu lina injini, sasa mama mkwe mwenyewe ananiita Bwana Mkubwa. Lakini mimba si sherehe, mdogo wangu. Miezi mitatu ya kwanza Pinamang alitembea na kopo la kutemea mate. Harufu ya vitunguu ilimtapisha, harufu ya dizeli ilimtapisha, nami nanukia vyote viwili, kwa hiyo nililala sebuleni. Kisha kikaja kiungulia, mama mkwe akasema ni nywele za mtoto. Sasa ni miguu kuvimba na misuli ya vigimbi kukaza usingizini.

Na hapa nijisifu kidogo, maana nina haki. Katika stendi yetu nzima mimi peke yangu ndiye ninayekwenda kliniki na mke wangu. Nakaa benchi moja na wajawazito kumi na tano, nawachekesha mpaka wanashika mbavu. Nesi Fosuaa, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, amenifundisha mengi. Sasa najua kumpa mke kipande cha ndizi ya kuchoma kabla hajainuka kitandani, chakula kidogo mara nyingi badala ya mlima mmoja wa fufu, asilale mara tu baada ya kula, na jioni ainue miguu juu ya mto. Ule udongo mweupe aliokuwa akiutafuna tumeuacha, anameza vidonge vya kuongeza damu. Najua pia kwamba uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana au damu ikitoka, hapo hakuna kungoja, ni hospitali. Madereva wenzangu sasa wananiuliza mimi habari za wake zao. Daktari wa stendi.

Lakini cheo changu cha kwanza stendi kilikuwa kingine, nawe unakijua, maana likizo ya Pasaka ulikuwepo. Wazee wetu husema mume anayempenda mkewe kweli hubeba nusu ya mimba. Nami nilikuwa nimetapika kweli mara mbili, basi nikatangaza. Wakaniita Mume Mjamzito, nikavimba kichwa. Nilipoanza kukojoa moto nikalitangaza na hilo. Nikakuambia wewe, kwa kiburi, kwamba hiyo ndiyo alama ya mwanamume anayependa mpaka ndani.

Wiki ileile uliyorudi shule nilimweleza Nesi Fosuaa, kwa sauti, benchi zima lisikie. Hakucheka. Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akaniuliza kama kuna kinachotoka. Nikasema kipo. Akaniambia taratibu, "Baba, mapenzi hayatoi usaha."

Ni kisonono, Yaw. Na sikukirithi kwa mimba. Ile safari ya kaskazini, lori lilipoharibika nikakaa siku tatu kungoja kipuri, nililala na mwanamke ambaye hata jina sikumuuliza. Kondomu zilikuwemo kwenye lori. Sikuzigusa.

Nesi alisema mwanamke anaweza kuwa nacho asihisi lolote, na mtoto akizaliwa hakijatibiwa, macho yake yanaweza kuharibika. Kwa hiyo nilimwambia Pinamang palepale, mbele ya nesi. Alipimwa, alikuwa nacho. Tukatibiwa wote wawili siku moja. Tumepimwa tena, kimeisha, na moyo wa mtoto unadunda vizuri. Siku ya tano Pinamang akasema, "Nimetema mate, nimevimba miguu, wewe ukaniletea hiki. Halafu ukakitangazia stendi."

Na bado sijamaliza. Hayo yote niliyajua mwezi mzima kabla ya barua yako. Nilinyamaza ili niendelee kuitwa Mume Mjamzito. Ningeyasema, leo usingekuwa unafunga sanduku. Kosa hilo ni langu, tena ni kubwa kuliko lile la kaskazini.

Sasa sikiliza. Moto wako hausemi lolote kuhusu mimba ya Afia. Kesho nenda zahanati ya mjini, eleza ukweli, upimwe yote, na virusi vya UKIMWI pia. Umwambie Afia, naye aende, apimwe na mimba hapohapo. Usinunue vidonge sokoni, wala msikutane kimwili mpaka wawaambie mmepona. Ikionekana ana mimba, nitavaa nguo yangu nzuri na kubeba vinywaji mwenyewe. Lakini mtihani utaufanya. Nina fahari nawe kuliko na lori.

Mama anakusalimu, na mama mkwe, ambaye hajui kitu, aendelee hivyo. Nisalimie mabwana wa bwenini, na yeyote kati yao anayekojoa moto mpe barua hii aisome.

Mimi kaka yako,
Kwaku Ampem

Shemeji, mimi Pinamang nimeisoma kabla hajaifunga. Ni kweli, ila kondomu hazikuwemo kwenye lori. Ananunua sasa. Nenda kesho asubuhi, kabla ya darasa.