Pikipiki ya Ephraimu

Akheri, Jumapili

Mdogo wangu mpendwa Agnela,

Huku hatujambo. Mvua imekolea na migomba imeanza kunenepa.

Jana nilimsindikiza Mama na dalali wa mahakama kwa Ephraimu, yule aliyechukua kahawa yetu bila kulipa. Kesi Mama alishashinda, basi watu wa dalali wakapakia makochi, televisheni, kisha pikipiki anayofanyia bodaboda. Ephraimu hakubisha. Aliwasaidia hata kubeba makochi, ameinamisha uso.

"Pikipiki ishusheni," Mama akasema.

"Mama, sheria inaruhusu," dalali akamjibu.

"Imekuruhusu wewe. Mimi sijakuruhusu. Huyu ana watoto, na deni langu atalilipa kwa pikipiki hiyo hiyo."

Wakaishusha. Ephraimu akageukia ukuta akalia. Agnela, nimeishi na Mama miaka yote hii, lakini jana ndipo nilipomfahamu.

Fedha za makochi na televisheni hazitatosha ada yako ya chuo muhula huu. Mama anaogopa kukuambia. Tafadhali mpigie wewe kwanza, umwambie utasubiri.

Kaka yako anayekuombea,
Stanley