Bidoni ya mashanza

Mpendwa papa,

Jumamosi nateremka tena Mwenga kwa wakwe zangu, na leo asubuhi nimejaza mashanza, maziwa yetu ya kuganda, kwenye bidoni ya njano. Nilipokumbuka ile yako nilicheka peke yangu hapa nyumbani Nyalukemba, mpaka mume wangu Wilondja akaja kuuliza kama niko mzima.

Unakumbuka ulivyokataa aliponiposa? Kwako wewe, Mushi wa Kabare, mfugaji wa milimani, mtu asiye na ng'ombe alikuwa bado hajakamilika. "Barega habafugake ng'ombe," ulisema juu ya kabila lake. Kisha ukashusha sauti: "Na ukilia kule mu pori, nani atakusikia?" Ulisema hutajibu kabla hujakuona kwao kwa macho yako. Niliogopa sana, kwa sababu nilimpenda, na neno lako likishatoka lilikuwa halirudi.

Tukapanda moto mbili, pikipiki za kukodi, wewe na koti lako zito. Bidoni uliipakata mwenyewe, imejaa mashanza, kifuniko umekikaza kwa kipande cha mpira. "Hatuendake ku bakwe mikono wazi," ulisema. Huku juu kulikuwa na ukungu. Halafu njia ikaanza kuteremka, miti ikakutana juu ya vichwa vyetu, ukavua koti, ukavua na sweta, ukawa unamuuliza dereva majina ya miti kama mtoto wa shule. "Huku hata udongo inatoka jasho," ukasema. Bidoni nayo ilikuwa inavimba. Kila ulipoigusa, uliikaza zaidi. Sisi wa milimani tulijuaje? Kwetu baridi inatunza mashanza siku nyingi.

Papa mkwe, muzee mkimya, alitupokea akiwa amevaa shati jeupe. Ulisimama ukawasifu ng'ombe wako mmoja mmoja, kisha ukafungua. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye majani ya paa, na maziwa yote yakamrukia yeye, usoni na kifuani. Mimi nilikuwa nimeshaiaga ndoa yangu.

Akalamba mdomo taratibu.

"Maziwa ya kwenu inajuaka kusalimia batu," akasema.

Papa, ulicheka mpaka ukakaa chini, naye akakaa karibu yako, ameloa, anacheka. Siku ile ulikula wali na samaki wa mtoni kwa mawese, ukaomba tena, wewe uliyesema chakula cha porini hakitapita kooni mwako. Tulipokuwa tunapanda moto kurudi, uliniambia: "Uolewe. Lakini ile yenye niliuliza, utakuya kunijibu."

Sikuwahi kukujibu. Habari ya kifo chako ilinikuta hukohuko Mwenga, likizoni. Nililia mara moja tu, na kabla sijavuta pumzi ya pili mama mkwe alikuwa ameniweka kifuani, sombe yake ya majani ya muhogo inaungua jikoni. Majirani walitoka mashambani na majembe yao. Papa mkwe alikuwa ameshaita moto za kutuleta kwenu. Alipanda milima kwa mara ya kwanza maishani, akatetemeka kwa baridi penye kaburi lako mpaka maman, mke wako, akamvisha koti lako. Mikono ya koti inamfikia kwenye viwiko. Hajalirudisha mpaka leo, na Jumamosi atalivaa kunipokea, na joto lile lote.

Kifuniko nimekilegeza, usiwe na wasiwasi.

Na walinisikia, papa. Kijiji kizima.

Binti yako,
Nabintu