Unga wa Wangwe na Kiingereza cha Mokami

Matinde, uko hewani? Mwenzio leo kaumbuka mchana kweupe!

Si unajua Mokami, mke mwenzangu, katumiwa na binti yake tiketi ya ndege kwenda Kanada? Basi mwenzio kajikokota na mfuko wa unga wa wimbi, apelekewe Wangwe. Mwanawe wa kumzaa, yuko mji uleule wa huyo binti, na hajawahi kumtumia mama hata tiketi ya basi la Musoma! Wivu ulimkaba kama mwiba wa samaki sato.

Akamkuta mjukuu wao Lilian anamfundisha bibi maswali ya uwanja wa ndege. Anauliza kwa Kiingereza: kuna mtu kakupa mzigo umbebee?

Mokami akabinua mdomo: "No!"

No?! Na unga wa mwenzio uko mapajani mwake!

"Mama Wangwe, ndilo jibu. Nikisema nimepewa, watanizuia."

Yaani amwone Wangwe kabla ya mama yake, tena mikono mitupu?

Mwenzio kauchukua unga, kauweka mlangoni, kageuza mgongo. "Sijakupa, Mokami. Niibie. Halafu useme hiyo No yako bila dhambi."

Mara mfuko ukachakacha.

Kaiba, Matinde! Sasa mwenzio naye anachunguza hiyo tiketi inafichwa wapi.