Siku Kambi Ilipofuturu Jua Halijazama

Mume wangu Makame,

Bwalo letu wanalivunja. Nakwambia mwenyewe kwa sababu nakujua, ungenuna kama ungelisikia kwa mtu mwingine. Wamejenga jipya karibu na lango, lina vigae na majiko ya gesi, na kabla ya kulibomoa la zamani walitaka historia ya mabwalo yote ya kambi iandikwe. Katika wapishi wa zamani nimebaki mimi tu. Basi wiki iliyopita luteni mmoja kijana alinifuata nyumbani Malindi, hapa hapa Unguja, akaniamkia kwa adabu, akanipeleka kambini.

Nilimweleza yale uliyonihadithia wewe. Kwamba bwalo la kwanza lilikuwa banda la makuti, na mvua ikinyesha askari walikula huku wamefunika sahani kwa kofia. Kwamba lilipojengwa la mawe lilitiwa ukuta katikati, maofisa huku na vitambaa vya meza, askari kule na bakuli za bati, na jiko moja likiwalisha wote. Akaniuliza kama chakula kilikuwa tofauti. Nikamwambia mchuzi ulikuwa mmoja, ila maofisa ukiwapakulia kwa madaha wadhani wana chao peke yao. Alicheka sana.

Nikamweleza na Ramadhani. Mwezi ule maofisa walivuka kuja upande wa askari, meza zikasukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa, na vyeo vyote vikakaa chini kuzunguka masinia. Hakuna aliyegusa tende mpaka wewe ugonge kengele, na wewe hukugonga mpaka usikie adhana kwenye redio ya jikoni, maana msikiti ulikuwa mbali.

Hapo nikageuza mazungumzo, na unajua kwa nini.

Kambini wote wanaijua hivi: mpishi Makame aligonga kengele jua halijazama, kambi nzima ikafuturu mapema, na kila mtu ikambidi ailipe siku ile. Wakakuita Makame Mchana. Wakakutoa jikoni wakakupeleka kupasua kuni, na jina likakufuata mpaka sokoni, mpaka kwenye harusi yetu. Ukiitwa ulikuwa ukiitika "Naam" bila kukunja uso.

Lakini redio niliigeuza mimi. Mchana ule nilikuwa nakuna nazi, nikataka taarabu ya Mombasa, nikaizungusha na nikaiacha huko huko. Na siku zile kwao jua lilikuwa linatangulia kuzama. Adhana ya kwao ikatoka, ukagonga. Watu wanatafuna tende, afande mmoja akachungulia dirishani akaona jua bado liko juu ya bahari. Kabla hajafika jikoni nilikuona ukinyoosha mkono, ukairudisha redio kwenye stesheni yetu. Hukunitazama. Alipouliza nani aliyekosea, ukajibu, "Nimekosea mie, afande. Nimeghafilika." Nilikuwa mgeni kazini na mama yangu akinitegemea, nikaendelea kukuna nazi. Nilikuwa muoga, Makame.

Mwaka uliofuata ukaleta posa. Sikuthubutu kukuuliza kwa nini mimi. Kila mwaka, Ramadhani ikisha, nilifunga siku moja zaidi, ingawa deni lile nilikuwa nimeshalilipa zamani. Hukuuliza nafunga ya nini. Ulinipikia uji wa pilipili manga, ukakaa nami kwenye mkeka mpaka adhana. Ulinipenda kwa namna ambayo mimi sikuistahiki.

Juzi luteni aliniita tena, akasimama kutusomea alichoandika kutoka kwetu sote. Wastaafu walioalikwa walikuwa wamekaa mle mle bwaloni, na alipofika kwa Makame Mchana wakacheka kama kawaida yao. Kicheko kile nimekivumilia miaka yote. Siku hiyo kilinishinda.

Nikamwambia, "Futa hapo, mwanangu. Redio nliigeuza mie."

Mzee Haji, yule sajenti aliyekuwa wa kwanza kukubandika jina lile, akaniuliza kama ulijua. Nikasema ulijua, na ulibeba. Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akawaomba wote tukuombee dua, na wale wale waliokucheka wakanyanyua mikono. Alikutaja marehemu Makame bin Juma, kwa jina lako kamili. Mimi nililia mbele ya askari, na hakuna aliyethubutu kunitania; wewe tu ungethubutu, ungekuwapo.

Nimerudi nyumbani mwepesi, na baadaye nikaona haya. Jambo hili nimewaambia watu wa bwalo zima, na wewe niliyelala nawe chumba kimoja miaka thelathini sikukwambia. Nilikungoja uulize. Nadhani na wewe ulikuwa unaningoja niseme.

Ilikuwa mimi, Makame. Nisamehe.

Mkeo