Methali Saba kwa Ofisi ya Kaunti

Jumanne

Nani huandika methali saba katika barua ya rufaa? Mimi.

Kaunti ilikataa kushusha ukingo wa barabara hapa langoni kwetu. Baba, ambaye miguu yake haitembei, na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akitoka kubeba mizigo mpakani hukaa nje mpaka nitoke shule nimsukume aingie.

Leo nilienda na Baba ofisini, na afisa wa kaunti alisoma rufaa yangu kwa sauti. Ofisi nzima ilicheka.

"Kijana, insha ni tamu. Lakini hiyo ukingo iko na urefu gani?"

Nilikuwa nimeandika "mrefu kama majonzi yetu."

"Shibiri moja, boss," Baba akasema. "Jumamosi iliniangusha na mzigo wote."

Afisa akaacha kucheka. Kesho anakuja kupima. Baba ameniomba ninyamaze akifika.