Kiwiko Kilichokataa Kufungwa

Suna, Migori
Novemba 1995

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri hapo Kisegi, goti limetulia na mtama umekauka kabla mvua haijaurudia. Sisi hatujambo. Terry amemaliza kikohozi na anakula kama mchunga ng'ombe. Metrine naye ni mzima, na wiki hii ameacha kununa. Naandika kwa Kiswahili, ulichosomea ngumbaru, ili barua hii uisome peke yako bila kumwita jirani.

Ulisema nimlete Terry Desemba, umnyooshe mkono kabla hajaanza shule, maana mtoto anayeshika kila kitu kwa kushoto atakuaibisha sokoni. Nami nikakujibu upesi kwamba nitamleta. Hapo ndipo Metrine aliponuna. Alisema mtoto akifungwa mkono, yeye na mtoto watarudi kwao Kakamega. Nilimwambia anakuza mambo; mimi nilifungwa na sijafa. Jibu langu sasa nitakupa, lakini kwanza vumilia nikueleze habari ya gofu.

Usicheke. Meneja mpya wa kiwanda cha sukari ninakofanya uhasibu anapenda sana huo mchezo wa kupiga kijipira kwa fimbo na kukifuata, na ofisa asiyecheza anaonekana ana maringo. Aliyejitolea kunifundisha ni Bwana Abdirashid, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, mtu mcheshi, mkali kidogo, na fundi wa mchezo huo. Alisema shida yangu ni moja tu: kiwiko. Nikiinua fimbo nyuma, kiwiko cha kulia kinapaswa kujikunja karibu na mbavu na kutazama chini. Changu kiliruka nje kama bawa la jogoo anayetaka kuwika, na mpira ukaenda kwenye miwa iliyo kando ya kiwanja cha klabu. Wiki baada ya wiki, kwenye miwa! Maofisa wenzangu walianza kuniita msimamizi wa shamba.

Abdirashid alijaribu kila dawa. Aliniambia nibane kitambaa kwapani kisianguke; kikaanguka. Akaniambia nijitazame kwenye kioo nyumbani nikiinua ufagio. Metrine akauliza kama nimeokoka au nimerogwa. Mwishowe, Jumamosi iliyopita, alileta mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha kifuani mwangu na kukifunga kile kiwiko kwenye mbavu.

Mama, sijui nikuelezeje. Alikaza fundo. Nilikuwa mtu mzima, mke na mtoto nyumbani, lakini pia nilikuwa yule mtoto wa jikoni kwako, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kipande cha leso, uji unamwagika kifuani kwa sababu mkono wa kulia haujui njia ya mdomo. Niliogopa kabisa. Nilimwomba Abdirashid anifungue, na sauti ikanitoka kwa nguvu mbele za watu.

Alinifungua bila kuuliza. Kwa hasira na aibu nikasimama upande wa pili wa mpira, nikageuza fimbo na kuupiga kwa mgongo wake, kwa kushoto. Ulienda moja kwa moja. Abdirashid akauliza kwa upole kama mimi ni wa mkono wa kushoto. Nikasema ndiyo. Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Alicheka mpaka akashika magoti. Alisema amepoteza miezi akinyoosha mlango ambao bawaba zake zilitiwa upande usio wake. Kwenye stoo ya klabu kulikuwa na fimbo za kushoto, zilizoachwa na injinia mmoja aliyerudi kwao, zimejaa utando wa buibui. Nilipoinua ya kwanza, kiwiko cha kushoto kilijikunja chenyewe kikatazama chini, mkono wa kulia ukanyooka, na hakuna aliyeniambia kitu. Mpira ulipaa na miwa haikuguswa. Nilihisi nimetua mzigo ambao sikujua kama nimeubeba. Jioni nilimweleza Metrine yote, tukacheka, kisha nikalia.

Basi jibu ni hili, Mama: Terry sitamleta kufungwa mkono. Kusalimia wakubwa na kupokea kitu atatumia mkono wa kulia, hayo nitamfundisha mwenyewe, adabu ni adabu. Lakini penseli na jembe ashike anavyoona. Sikulaumu. Najua ulinifunga ili watu wasinicheke.

Ila kuna jambo nililoliona zamani nikalinyamazia. Nilikuwa darasa la nne, nikaingia jikoni bila hodi. Ulikuwa peke yako ukiparua magamba ya ngege. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto, na kilikimbia! Sijaona tena mtu akiparua samaki vizuri namna ile. Uliponisikia ukakihamishia kulia, ukaendelea polepole, kwa shida, kama tulivyozoea kukuona.

Mama, wewe ulifungwa na nani?

Njoo wewe Desemba, ukae nasi. Metrine atanunua ngege wabichi, na hapa kwetu hakuna atakayeangalia umeshika kisu kwa mkono gani, isipokuwa Terry. Na yeye ndiye ninayetaka akuone.

Msalimie dada Truphena na wote wa boma. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao akupendaye,
Wesley